Lena Horne na Mkasi wa Wenye Sinema

Mfanyakazi ye yote aliyepata kutumikia bwana mjanja ajua kwamba ziko namna mbili za kuajiriwa. Iko namna ya kwanza, ambayo mtu huingizwa kazini hata kazi yenyewe ikashikamana naye kama paa na boriti. Ukimtoa yeye, nyumba yashuka. Na iko ya pili, ambayo mtu hupokewa kwa shangwe, jina lake likaandikwa mlangoni na picha yake ikatiwa gazetini, lakini kazi imepangwa tangu mwanzo ili siku atakapoondolewa pasionekane pengo. Huyu wa pili amevikwa kilemba cha ukoka. Leo twataka kueleza habari za mwanamke aliyeajiriwa kwa namna hiyo ya pili, akaitambua, wala hakukubali mambo yaishie hapo. Naye ni Lena Horne, mwimbaji na mchezaji sinema wa Marekani, aliyezaliwa Brooklyn katika jiji la New York tarehe 30 Juni 1917, na kufariki katika jiji hilo hilo tarehe 9 Mei 2010, akiwa na umri wa miaka 92.

Tuanze na mkasi wenyewe. Mwaka 1942 kampuni ya sinema ya Metro-Goldwyn-Mayer, ijulikanayo kama MGM, ilimpa Lena Horne mkataba wa miaka mingi. Wamarekani Weusi waliopata mkataba wa namna hiyo katika kampuni kubwa za Hollywood walikuwa wachache mno, na magazeti yaliushangilia sana. Lakini zitazame sinema zenyewe. Hadithi ya watu weupe yaendelea, mara yasimama. Laonekana jukwaa au ukumbi wa dansi. Lena yupo, amevaa vizuri, mara kwa mara kando ya nguzo. Aimba wimbo mmoja au miwili, kisha hadithi yaendelea kana kwamba hakuwapo. Hakuna mchezaji mweupe azungumzaye naye. Hakuna amwulizaye jina lake. Hakuna tendo lake ambalo hadithi yalihitaji ili ifike mwisho.

Sababu yake ilikuwa ya kibiashara kabisa. Sinema hizo zilipelekwa pia katika majimbo ya Kusini, ambako ubaguzi wa rangi ulikuwa sheria, na wenye majumba ya sinema huko hawakutaka watu wao wamwone mwanamke mweusi aliyevaa kama bibi wa heshima na kupigiwa makofi. Basi walikata. Ule wimbo ulitolewa, ncha mbili za filamu zikaunganishwa kwa gundi, na mambo yakaendelea. Katika mji wa Memphis, jimbo la Tennessee, Lloyd Binford, mkuu wa bodi ya kukagua sinema, alipata sifa mbaya kwa ukataji wa namna hiyo. Mtazamaji wa huko aliweza kuitazama sinema toka mwanzo hadi mwisho, akarudi nyumbani, wala asijue kwamba Lena Horne alikuwamo.

Twaomba msomaji asipite hapa haraka. Ni rahisi kumlaumu mkataji wa Memphis, naye astahili lawama. Lakini yeye uovu wake ulikuwa wazi, hakuuficha. Aliyemchorea mstari wa kukata alikuwa California, mtu aliyejiita mwungwana na rafiki wa watu weusi, ambaye alipotunga sinema alikwisha kuacha nafasi ya mkasi kupita. Kampuni ilitaka fedha ya Wamarekani Weusi wa Kaskazini waliojaa katika majumba ya sinema ili kumwona Lena, na ilitaka vile vile fedha ya wabaguzi wa Kusini waliolipa ili wasimwone. Mtu mmoja akauzwa mara mbili: mara moja kwa kuwapo, na mara ya pili kwa kutokuwapo. Mwenye kuwinda ushahidi wa jinsi ubaguzi na faida vinavyolala kitanda kimoja hahitaji kwenda mbali zaidi.

Lena hakuingia Hollywood mjinga wa mambo haya. Bibi yake mzaa baba, Cora Calhoun Horne, alikuwa mtu wa harakati, na mtoto huyu aliandikwa mwanachama wa NAACP, chama kilichoundwa mwaka 1909 kupigania haki za Wamarekani Weusi, akiwa na umri wa miaka 2 hivi. Picha yake ikatolewa katika taarifa ya chama mwaka 1919. (Wengi wetu tulipata kadi ya chama tukiwa na ndevu, yeye aliipata kabla hajajua kusoma.) Kisha maisha yakampeleka kwenye shule nyingine. Mwaka 1933, akiwa msichana wa miaka 16, aliingia katika kundi la wachezaji wa Cotton Club, klabu mashuhuri ya Harlem. Harlem ni mtaa wa watu weusi. Waliocheza walikuwa weusi, waliopiga muziki walikuwa weusi, lakini waliokaa mezani walikuwa weupe, na klabu ilikuwa mikononi mwa majambazi wa mji. Baba yake wa kambo alipokwenda kumdaia hali nafuu zaidi, alijibiwa kwa kipigo. Mfinyanzi hulia gaeni, walisema wazee wetu. Pale Harlem hata gae mfinyanzi hakuruhusiwa kulilia ndani.

Akatoka hapo mwaka 1935, akaimba na bendi ya Noble Sissle, baadaye na bendi ya watu weupe ya Charlie Barnet, na mwaka 1941 akafika Café Society, klabu ya New York ambamo weusi na weupe walikaa pamoja, jambo lililokuwa la ajabu katika mji ule. Huko alijuana na Paul Robeson, jabali la sauti na la siasa, ambaye katika miaka ya 1930 kule London alijifunza lugha kadhaa za Kiafrika, na Kiswahili chetu kikiwamo. Urafiki huo ulimfundisha mengi. Ulimgharimu pia, kama tutakavyoona.

Mkataba wa MGM ulipowekwa mezani, Walter White, katibu wa NAACP, alikuwa akitafuta njia ya kuibadili Hollywood, ambako mtu mweusi alionyeshwa kama mpishi, yaya, mpagazi au mtu wa kuchekwa. Lena alisimulia baadaye jinsi baba yake alivyokwenda mbele ya Louis B. Mayer, mkubwa wa kampuni, akamwambia kwamba ikiwa binti yake ahitaji mtumishi wa nyumbani, yeye baba aweza kumwajiria mmoja. Haoni sababu ya binti mwenyewe kwenda kuigiza utumishi. Sharti likakubaliwa: Lena hatachezeshwa uyaya wala umwitu. Hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini kampuni haikukosa akili. Madhali hatakuwa yaya, na madhali hawakutaka awe mtu kamili ndani ya hadithi, walimfanya pambo. Sharti lilitimizwa kwa herufi likavunjwa kwa roho, na viongozi wetu wa wafanyakazi waliopata kukaa na waajiri kutengeneza mikataba wataujua mchezo huo.

Yako mambo hapa ambayo wamwandikiao Lena sifa tupu hupenda kuyaruka. Wachezaji weusi waliokuwa Hollywood kabla yake hawakumpokea kwa mikono miwili. Waliitisha mkutano wakamshutumu kwamba yeye na NAACP walikuja kuwanyang'anya riziki. Maana kama sinema zitaacha kuonyesha mayaya na wapagazi, na bado hazitawaonyesha watu weusi kama madaktari na walimu, basi wao watakula nini? Sisi hatuwezi kuwacheka watu wale. Mwenye watoto wanne haambiwi asubiri heshima ifike kwanza ndipo apike. Hattie McDaniel, aliyepata tuzo ya Oscar mwaka 1940 kwa kuigiza utumishi katika Gone with the Wind, na ambaye usiku huo wa tuzo aliketishwa mbali na wenzake weupe wa sinema ile ile, alimwita Lena nyumbani kwake akamtendea wema. Yeye alijua kwamba aliyewagombanisha hakuwamo mkutanoni. Kampuni zenye kutoa kazi moja kwa watu kumi hupenda sana kuwaona hao kumi wakishikana mashati.

Mara mbili tu, mwaka 1943, alipata nafasi ya kuigiza kweli kweli, na mara zote mbili katika sinema ambazo wachezaji wake wote walikuwa weusi. Ya kwanza ilikuwa Cabin in the Sky ya MGM, iliyoongozwa na Vincente Minnelli, ambamo alicheza pamoja na Ethel Waters na Eddie Anderson. Ya pili ilikuwa Stormy Weather ya kampuni ya Twentieth Century-Fox, ambayo MGM iliiazima Lena kama mtu anavyoazimisha jembe. Humo wamo Bill Robinson, Cab Calloway, Fats Waller na ndugu wawili wa Nicholas, ambao dansi yao ya kurukiana ngazini hadi leo hatujaona ya kuishinda. Wimbo wenye jina la sinema hiyo ulishikamana na Lena maisha yake yote. Katika sinema hizo mbili hapakuwa na mahali pa kupitisha mkasi, kwa kuwa ungekata nini ukaacha nini? Basi wabaguzi wa Kusini waliweza tu kuzikataa zote. Tunazitaja si kwa kuwa hadithi zake ni nzuri. Hadithi ya Stormy Weather ni nyepesi mno. Twazitaja kwa kuwa zaonyesha alivyokuwa aweza, akipewa kazi.

Vita ya pili ya dunia ikampa Lena watazamaji wa namna nyingine. Askari weusi wa Marekani walibandika picha yake kwenye makabati yao, naye akazunguka kambini kuwaimbia. Jeshi lilikuwa la kibaguzi kama nchi ilivyokuwa. Katika kambi moja aliambiwa kwamba siku ya kwanza ataimba kwa maofisa weupe, na siku ya pili kwa askari weusi. Siku ya pili alipofika, aliona viti vya mbele vimejaa watu weupe. Akauliza ni nani hao. Akajibiwa kuwa ni mateka wa Kijerumani. Yaani adui aliyeshikwa vitani alikuwa mbele, na askari aliyevaa sare ya Marekani alikuwa nyuma yake, kwa sababu ya ngozi. Lena alishuka jukwaani, akawapita Wajerumani, akawapa mgongo, akawaimbia askari weusi kule kule nyuma. Kisha akaenda kushtaki kwa NAACP. Ziara zake za kuandaliwa na wakubwa zikaisha hapo; baada ya hayo alikwenda kambini kwa fedha yake mwenyewe.

Sasa tufike kwenye rangi ya usoni, maana jambo hili limetukera kuliko hata lile la mkasi. Lena alikuwa mweupe kidogo wa ngozi, na wakubwa wa MGM walihangaika kwamba katika picha asije akadhaniwa mzungu. Wakatengenezewa na nyumba ya Max Factor rangi maalum ya kumpaka. Kwa masimulizi yake mwenyewe, rangi hiyo baadaye ilitumiwa kuwapaka wachezaji weupe ili wafanane na machotara, na nafasi ambazo yeye angezipata wakazichukua wao. Mwaka 1946, katika Till the Clouds Roll By, MGM ilimpa sehemu fupi ya Julie, yule mwanamke chotara wa mchezo wa Show Boat, aimbe wimbo mmoja tu. Aliuimba kwa namna ambayo kila mtu aliona nafasi hiyo ni yake. Lakini kampuni ilipoitengeneza Show Boat yenyewe, ikatoka mwaka 1951, Julie alikuwa Ava Gardner, mwanamke mweupe. Kanuni za sinema za wakati ule zilikataza kuonyesha mapenzi baina ya weusi na weupe, na mume wa Julie katika hadithi ni mweupe. Basi mwanamke mweusi hakuweza kuigiza mwanamke mweusi, ati kwa sababu ya sheria ya kumlinda mtazamaji. Ava Gardner alikuwa rafiki ya Lena, wala hatumlaumu. Twauliza tu ni kiwanda gani kingine duniani kilichopata kumwondoa fundi kikabakiza rangi yake.

Zaidi ya hayo, mwezi wa Juni 1950 lilitolewa jarida la Red Channels, lenye majina 151 ya watu wa redio na televisheni waliotuhumiwa kuwa na urafiki na wakomunisti. Jina la Lena Horne lilikuwamo. Urafiki na Robeson, mikutano ya haki za watu weusi, yote yaliandikwa kana kwamba ni makosa. Robeson mwenyewe alinyang'anywa pasi yake ya kusafiria mwaka huo huo, hakurudishiwa hadi 1958. Kwa miaka kadhaa milango ya sinema na televisheni ilimfungia Lena. Hakuna aliyemshtaki mahakamani, kwa hiyo hapakuwa na mahakama ya kumwachilia. Simu iliacha kulia, basi.

Akabaki na sauti yake. Twadhani hapo ndipo kazi yake ilipopata mfupa. Mwaka 1957 kampuni ya RCA Victor ilitoa santuri iliyorekodiwa alipoimba katika hoteli ya Waldorf-Astoria, New York, nayo ikauzwa sana. Mwaka huo huo akaingia Broadway katika mchezo wa Jamaica, ulioonyeshwa zaidi ya mara 500. Ni kweli kwamba ukumbi wa Waldorf haukuwa mahali pa makuli na madobi. Waliomsikiliza walikuwa matajiri, na yeye mwenyewe alikiri baadaye kwamba aliwaimbia watu hao kwa baridi, akawapa mwimbaji akamficha mwanamke. Asikilizaye santuri ile kwa makini aisikia baridi hiyo. Ni sauti ya mtu mwenye kutabasamu huku mlango umefungwa kwa komeo. Baadhi ya wajuzi wa muziki wameihesabu kuwa ni kasoro. Sisi twaihesabu kuwa ni mgomo.

Mwezi wa Februari 1960 komeo lilivunjika. Katika mkahawa wa Beverly Hills mzungu mmoja alimtukana kwa rangi yake, naye akamtupia kibia cha majivu, bilauri na taa ya mezani. Habari zikaenea, na barua zikamjia toka kwa watu weusi wa nchi nzima, wakimshukuru. Alishangaa. Miaka ishirini ya kuimba haikuwaleta karibu naye kama taa ile moja. Mwaka 1963 alikutana na Robert Kennedy, mwanasheria mkuu wa serikali, pamoja na mwandishi James Baldwin na wengine, tarehe 24 Mei. Tarehe 7 Juni alikuwa Jackson, Mississippi, katika mkutano pamoja na Medgar Evers wa NAACP. Siku tano baadaye Evers aliuawa kwa risasi mlangoni kwake. Tarehe 28 Agosti, katika maandamano makubwa ya Washington, Lena alipewa kipaza sauti. Hakuimba. Alitamka neno moja tu, nalo ni Uhuru.

Mwaka huo huo alirekodi wimbo uitwao Now!, wa kudai haki sasa hivi, bila ya kungoja. Mwaka 1965 Santiago Álvarez, mtengenezaji sinema wa Cuba, aliuchukua wimbo huo akautengenezea sinema ya dakika chache tu. Ndani yake hamna hadithi, hamna mchezaji, hamna maneno ya msimulizi. Mna picha za magazeti na za habari zikifuatana: polisi, mbwa, virungu, watu weusi wa Marekani wakiburutwa, na sauti ya Lena toka mwanzo hadi mwisho ikizidi kupanda. Sura yake haionekani ikiimba, wala kando ya nguzo wala pengine po pote. Lakini jaribu kuitoa sauti yake katika sinema ile. Hakitabaki kitu ila rundo la picha. Twaona ajabu kwamba kazi yake ya sinema isiyoweza kukatwa kabisa ilitengenezwa katika nchi ambayo serikali yake yeye iliiwekea vikwazo, na yeye mwenyewe hakuwapo mbele ya kamera.

Tupite upesi miaka ya katikati. Sinema alizocheza baadaye ni chache, miongoni mwake Death of a Gunfighter ya mwaka 1969 na The Wiz ya 1978. Katika miaka ya 1970 na 1971 alifiwa na baba, mtoto wa kiume na mume, na wengi wakadhani amekwisha. Tarehe 12 Mei 1981 alipanda jukwaa la Nederlander, Broadway, akiwa na miaka 63, katika onyesho liitwalo Lena Horne: The Lady and Her Music. Onyesho lilikuwa ni yeye, nyimbo zake, na habari za maisha yake, Hollywood ikiwamo. Stormy Weather aliuimba mara mbili usiku mmoja: mara ya kwanza kama alivyouimba msichana wa sinema, na mara ya pili kama mwanamke aliyeishi miaka hiyo yote. Walioizoea baridi ya Waldorf hawakuikuta. Onyesho lilirudiwa mara 333, likamalizika tarehe 30 Juni 1982, siku alipotimiza miaka 65. Mwezi wa Novemba 2022 jumba jingine la Broadway lilipewa jina lake, la kwanza huko kuitwa kwa jina la mwanamke mweusi, miaka 12 baada ya kuzikwa kwake.

Lakini sisi twapenda zaidi jambo la mwaka 1994. MGM ilitoa sinema ya kukumbuka kazi zake za zamani, That's Entertainment! III, na miongoni mwa wasimulizi waliokaribishwa alikuwa Lena Horne, wakati huo mwenye miaka 76. Humo ulionyeshwa wimbo aliouimba akiwa ndani ya hodhi lililojaa povu la sabuni, kwa ajili ya Cabin in the Sky. Wimbo huo ulikatwa na kampuni yenyewe kabla sinema haijatoka mwaka 1943, kwa kuonekana kwamba mwanamke mweusi hafai kuonyeshwa hivyo. Kipande chenyewe kilikuwa kimehifadhiwa miaka yote ile. Na kabla ya kuonyeshwa nyimbo zake, Lena alisimama mbele ya kamera za kampuni yenye jina lile lile, akawaeleza watazamaji kwa maneno yake mwenyewe jinsi walivyomtendea.